Simu Ikipotea, Picha Zibaki: Namna ya Kuhifadhi Vitu Vyako kwenye Wingu

Karibu kila siku kuna mtu anasimama mbele ya kaunta yangu akiwa na simu iliyokufa mkononi, na maswali ni yaleyale. Dada, picha zangu zinarudi? Dada, hilo wingu ni kitu gani hasa? Nikiweka vyeti vyangu huko, nani atakuwa anaviona? Nina steshenari Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, nachapa, natuma maombi ya vyuo na ya kazi. Nimeona niandike jibu moja refu, ili atakayeuliza kesho asome taratibu huku simu yake iko mkononi.

Aliyenisukuma kuandika ni dada mmoja mshonaji. Simu ilimchomoka kwenye mfuko wa aproni ikazama kwenye beseni la kufulia. Alikuja nayo ndani ya mfuko wa mchele, punje mbili zimenasa kwenye tundu la chaji. Humo mlikuwa na picha za mishono ya miaka mitatu, pamoja na vipimo vya wateja alivyovipiga picha kutoka kwenye daftari lililochanika. Fundi alishindwa kuiwasha. Nikamuuliza kama ana Gmail, akasema anayo, na kwamba kila akifungua picha alikuwa anaona kale kawingu kenye alama ya vema. Nikafurahi, maana hiyo ilikuwa dalili kwamba picha zilikuwa zinapanda. Tukafungua kompyuta, tukaandika anwani yake, ukurasa ukaomba nenosiri. Hakuwahi kulijua. Akaunti alifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu. Ukurasa ukapendekeza kutuma namba za uthibitisho kwenye laini inayoishia na 47, na laini hiyo alikwisha kuitupa. Picha zilikuwa salama kabisa, na mwenyewe amesimama nje ya mlango hana ufunguo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ufunguo. Mambo ya gigabaiti yatafuata.

Wingu ni nini, kwa kifupi

Wingu ni kompyuta za watu wengine unazozitumia kupitia intaneti. Hazipo angani. Zimepangwa kwenye majengo makubwa yenye umeme wa akiba, mitambo ya kupoza joto na ulinzi usiku na mchana. Mengine yapo Afrika: Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Amazon ndiyo iliyoifanya biashara hii ikue ilipoanza mwaka 2006 kukodisha nafasi na nguvu za kompyuta zake kwa yeyote, ulipie unachotumia, kama luku.

Sisi wa kawaida tunatumia upande mwepesi wa mambo hayo. Gmail ni wingu. Ndiyo maana ulipobadilisha simu ulikuta barua pepe zako zote zipo. Picha, namba za watu, vyeti na mahesabu navyo vinaweza kukaa hivyohivyo.

Nani anaviona? Wewe, mtu uliyempa ruhusa, na yeyote anayelijua nenosiri lako. Kampuni inayotunza nayo inaweza kuamriwa kisheria kutoa taarifa. Binafsi naona hatari kubwa kwa watu wa huku kwetu ni huyo wa tatu, yaani kijana wa dukani, mchumba wa zamani, au shemeji aliyekusaidia kufungua akaunti.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu janja yenye chaji ya kutosha. Nimeandika kwa kufuata Android kwa kuwa ndiyo wengi wanayo. Mwenye iPhone atatumia iCloud, yenye GB 5 za bure, na mawazo ni haya haya.
- Laini iliyosajiliwa kwa alama zako mwenyewe za vidole, ambayo huna mpango wa kuiacha.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, karatasi.
- Mtu mmoja unayemwamini, mwenye barua pepe yake.
- Waifai kwa ajili ya hatua ya nne, au bando kubwa.
- Muda wa saa moja hivi bila haraka.

Menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Usipoona neno nililolitaja, andika kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Hatua kwa hatua

1. Jua akaunti iliyomo kwenye simu yako

Fungua Mipangilio, shuka hadi Google, gusa. Juu utaona jina na anwani inayoishia na @gmail.com. Iandike kwenye daftari herufi kwa herufi, nukta zake na namba zake. Zikiwa mbili au tatu, chagua moja iwe ndiyo nyumba ya vitu vyako, na uziandike zote. Nimewahi kuona mtu amehifadhi picha kwenye akaunti moja, namba za watu kwenye nyingine, na WhatsApp kwenye ya mumewe. Siku ya kurejesha alihangaika kutwa nzima.

2. Shika ufunguo mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo watu huruka, na ndiyo iliyomliza yule mshonaji. Ukiwa na muda wa hatua moja tu leo, fanya hii.

Palepale chini ya jina lako gusa sehemu ya kudhibiti akaunti ya Google, kisha nenda Usalama. Fanya mambo haya kwa mpangilio:

a) Badilisha nenosiri, hasa kama akaunti ulifunguliwa na mtu mwingine. Liwe refu, herufi 12 au zaidi. Njia rahisi ni kuunganisha maneno manne yasiyohusiana na kuweka namba katikati. Usitumie jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa wala namba yako ya simu. Liandike kwenye daftari, na daftari likae nyumbani penye hati zako.

b) Tazama namba ya simu ya kurejesha akaunti. Ikiwa ni ya laini uliyoitupa au ya kijana wa dukani, ifute, weka yako. Hili si la kuahirisha. Laini isiyotumika muda mrefu mtandao huichukua na kumuuzia mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayekuwa anapokea namba zako za uthibitisho.

c) Weka barua pepe ya kurejesha. Iwe ya yule mtu unayemwamini, au yako ya pili ambayo unaifungua kweli.

d) Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kifaa usichokijua, kiondoe.

e) Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Baada ya hapo mtu akilijua nenosiri lako bado hataingia, kwa sababu simu yako itaulizwa kwanza. Lakini fikiria: simu ikiibwa, itaulizwa nini? Kwa hiyo, ndani ya sehemu hiyohiyo, tafuta namba za akiba, zinazoitwa Backup codes kwenye simu ya Kiingereza. Google inakupa 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Zinakili kwenye daftari kwa mkono.

Kosa ninaloliona sana: mtu anazipiga picha hizo namba za akiba, kisha picha inakaa kwenye simu ileile. Simu ikienda, ufunguo umeenda nayo. Karatasi, ndugu yangu.

3. Toa namba za watu kwenye laini, ziweke kwenye akaunti

Fungua orodha ya namba zako, gusa jina lolote, uangalie limehifadhiwa wapi: laini, simu au akaunti ya Google. Yakiwa kwenye laini au kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya programu hiyohiyo ya namba, tafuta sehemu ya kuingiza kutoka kwenye laini, chagua akaunti yako, kubali. Kisha weka akaunti hiyo iwe ndiyo mahali pa kuhifadhia kila namba mpya.

Hatua hii inachukua dakika tano na haili bando la maana. Namba 500 za watu ni nyepesi kuliko picha moja.

4. Picha na video

Fungua programu ya Google Photos, gusa picha yako ndogo au herufi iliyo juu kulia, kisha washa kuhifadhi nakala. Hakikisha akaunti inayoonyeshwa ni ile uliyoichagua katika hatua ya kwanza.

Kabla ya kuondoka hapo, amua mambo matatu.

La kwanza ni ubora. Google inakupa GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Google Drive na picha. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa, ila tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inakula nafasi yako. GB 15 ukizigawa kwa picha za kawaida za MB 3 unapata picha kama 5,000, ikiwa hakuna kingine. Chagua ubora wa kuokoa nafasi. Kwa picha za familia na za biashara hutaona tofauti.

La pili ni bando. Tuseme una picha 2,000 za MB 3 kila moja: hizo ni GB 6. Ukiacha simu ipandishe kwa data utaamka bando limekwisha. Zima matumizi ya data ya simu kwa kazi hii, na ile mara ya kwanza nenda penye waifai, kazini au kwa ndugu. Baada ya hapo utakuwa unapandisha picha chache za siku hiyo tu.

La tatu ni folda. Simu inahifadhi picha za kamera peke yake mpaka uiambie vinginevyo. Yule mwenye picha za vipimo alizotumiwa WhatsApp atadhani zimepanda, kumbe hazikuguswa. Ingia kwenye sehemu ya folda za kifaa, uwashe zile unazozihitaji. Folda ya WhatsApp ifikirie mara mbili kama uko kwenye makundi mengi. Picha za heri ya asubuhi na video za mahubiri zitakujazia GB 15 kabla ya mfungo kuisha.

Onyo kubwa. Kuhifadhi kwa njia hii si sawa na kuweka kitu kwenye sanduku na kufunga. Simu na wingu vinafuatana. Ukifuta picha ndani ya Google Photos kwa kikapu cha kawaida, inafutika simuni na kwenye wingu pia. Simu yako ikijaa, usifute moja moja. Tumia kitufe cha kupata nafasi, kinachoitwa Free up space kwa Kiingereza. Hicho kinaondoa simuni tu zile ambazo zimeshapanda, na kwenye wingu zinabaki. Mteja wangu mmoja alifuta picha zote za harusi ya mwanawe usiku mmoja akiamini "nyingine ziko juu". Alikuja baada ya siku nne, tukazikuta kwenye tupio. Angekuja baada ya miezi mitatu, tusingekuta kitu.

5. Vyeti na hati

Fungua Google Drive. Tengeneza folda nne au tano, si zaidi: Shule, Familia, Nyumba, Biashara, Afya. Kisha gusa alama ya kamera ya kuskani, weka cheti mezani penye mwanga wa dirishani, piga. Programu itakata kingo na kukitunza kama PDF. Usipige chini ya taa ya usiku. Kivuli cha mkono wako kitafunika mhuri.

Jina la faili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. "Scan 20240311" halitakusaidia siku una dakika kumi za kutuma maombi ya kazi. Andika kama vile unamwelekeza mtu: "Cheti kidato cha nne 2016", "Mkataba wa pango fremu Msamvu", "Cheti cha kuzaliwa Neema".

Skani haichukui nafasi ya karatasi halisi. Ofisi nyingi bado zitakuambia lete cheti chenyewe. Lakini nyumba ikiungua au begi likipotea, nakala inakuonyesha namba ya mtihani, namba ya hati, tarehe na mhuri, na unapoanza kufuatilia kingine huanzi gizani.

Usiweke humo namba ya siri ya M-Pesa, ya kadi ya benki wala ya simu. Hata ukiwa umeifunga vizuri namna gani.

6. WhatsApp ina mlango wake

Watu wengi hufikiri kuwasha picha kumemaliza kila kitu. Mazungumzo ya WhatsApp yanahifadhiwa kwa njia tofauti. Ndani ya WhatsApp nenda Mipangilio, Gumzo, kisha hifadhi ya gumzo. Chagua akaunti ya Google ileile, chagua kila wiki, na uzime video ili usijaze nafasi, kwa sababu siku hizi nakala hii nayo inahesabiwa ndani ya zile GB 15.

Kuna kitufe cha kuifungia nakala kwa nenosiri la pekee. Ni ulinzi mzuri, lakini ukilisahau nenosiri hilo na huna simu iliyofunguka, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. WhatsApp wenyewe hawawezi kuifungua. Ukiiwasha, rudi kwenye daftari.

Nakala hiyo hurudi kwa namba ya simu ileile na akaunti ileile ya Google. Ukiwa na simu mpya, WhatsApp itakuuliza kama urejeshe mazungumzo. Watu wenye haraka hugusa "ruka" hapo, kisha wanaendelea kuchati, na nakala mpya tupu inakuja kufunika ile ya zamani. Subiri. Soma. Gusa rejesha.

7. Jaribu kabla hujahitaji

Chukua simu ya mtu unayemwamini. Fungua kivinjari kwa dirisha fiche, lile lisilotunza kumbukumbu. Andika photos.google.com, ingia kwa anwani na nenosiri kutoka kwenye daftari lako. Usiangalie simu yako isipokuwa ikiulizwa uthibitisho. Ukiziona picha zako za wiki hii, umefanikiwa. Kisha andika drive.google.com ufungue cheti kimoja, na contacts.google.com uhesabu majina. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, funga dirisha.

Hapa ndipo watu hugundua kwamba kwenye daftari waliandika herufi kubwa ilipotakiwa ndogo, au kwamba picha zilikoma kupanda tangu Januari. Afadhali uligundue leo umekaa sebuleni. Rudia jaribio hili kila baada ya miezi mitatu. Mimi nalifanya siku ninayolipa kodi ya fremu, ili nisisahau.

8. Fanya kazi juu ya wingu, si kutunza tu

Wingu si ghala peke yake. Unaweza kuandika na kupiga hesabu hukohuko. Mfano ninaoupenda ni wa kikoba.

Katibu anafungua Google Sheets, anaunda jedwali: safu ya majina, hisa, mkopo, marejesho, faini. Anagusa kitufe cha kushiriki na kuandika barua pepe za wenzake. Mweka hazina anampa uwezo wa kuhariri. Wanachama wengine anawapa uwezo wa kutazama tu. Kuanzia hapo kila malipo yakiingizwa, wote wanayaona kwenye simu zao, bila kutumiana faili la "mahesabu mapya ya mwisho kabisa 3".

Jedwali hilo linatunza historia ya mabadiliko, yaani nani alibadilisha nini na saa ngapi. Nimeona kikoba kimoja kikimaliza mzozo wa shilingi 40,000 hapa kaunta kwangu kwa kufungua historia hiyo tu. Ilionekana kwamba malipo yaliingizwa Jumanne saa mbili usiku kwenye mstari wa jina linalofanana.

Angalizo: usichague "mtu yeyote mwenye kiungo" kwa mahesabu ya fedha wala kwa vitambulisho. Kiungo kikitumwa kwenye kundi moja la WhatsApp, kesho kipo kwenye makundi kumi. Taja watu kwa barua pepe zao. Mtu akitoka kwenye kikundi, mwondoe siku hiyohiyo.

9. Weka vichache vya kutumia bila mtandao

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku zile kijana mmoja alikuja kuchapa vyeti kwa ajili ya usaili. Vyote vilikuwa kwenye Drive, salama, na hatukuweza kuvifikia. Ukurasa ulizunguka tu.

Chagua faili tano au sita ambazo unaweza kuhitaji ghafla, kama kitambulisho, vyeti, wasifu wako wa kazi na kadi ya bima. Gusa nukta tatu pembeni ya faili, chagua lipatikane bila mtandao. Nakala yake itakaa pia simuni.

Ukija steshenari, ya kwangu au ya mwingine

Usimtajie mhudumu nenosiri lako, hata kama ni mpole namna gani. Njia safi ni kumtumia faili lile moja unalotaka kuchapa. Ukilazimika kuingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta ya dukani, omba dirisha fiche, andika mwenyewe, kataa kompyuta ikiuliza ihifadhi nenosiri, na utoke kabla ya kulipa. Sisi tunahudumia watu wengi kwa siku, na anayekalia kiti baada yako hatumjui.

Mambo yakigoma

*Inasema nafasi imejaa.* Usipuuze. Zikijaa GB 15, Gmail nayo inaacha kupokea barua, na unaweza kukosa wito wa usaili bila kujua. Ingia one.google.com uone kinachokula nafasi. Mara nyingi ni video. Futa video ndefu usizozihitaji, kisha safisha tupio, kwa sababu vilivyomo kwenye tupio la Drive na Gmail bado vinahesabiwa. Ikiwa kazi yako inategemea picha, kununua nafasi ya ziada ni gharama halali ya biashara, kama unavyonunua uzi.

*Picha hazipandi.* Angalia kama umeweka waifai peke yake huku uko kwenye data. Kama sivyo, tatizo mara nyingi ni simu kuzuia programu zisifanye kazi nyuma ya pazia ili kuokoa betri. Iunganishe kwenye chaji, fungua Google Photos, iache wazi kwa nusu saa. Ikianza kupanda, nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu programu hiyo.

*Nimefuta kwa bahati mbaya.* Nenda kwenye tupio upesi. Picha iliyokuwa imepanda inakaa siku 60 kwenye tupio la Google Photos. Faili la Drive linakaa siku 30, na namba ya mtu siku 30 vilevile. Zikipita hizo, usitegemee.

*Nimesahau nenosiri.* Jaribu kurejesha ukiwa na simu au kompyuta uliyowahi kuitumia, na mahali ulipozoea kuitumia, kwa mfano nyumbani. Google inalizingatia hilo. Jibu maswali yote, hata kwa kukisia nenosiri la zamani. Mtu akikuambia umtumie fedha akurudishie akaunti, achana naye.

*Akaunti ya zamani sijaigusa muda mrefu.* Ifungue leo. Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo.

*Simu imeibwa.* Anza na fedha, kisha picha. Kwa simu ya mwenzako pigia mtandao wako wafunge laini, maana humo mna akiba yako. Halafu, kwenye dirisha fiche, ingia android.com/find kwa nenosiri la daftarini. Uthibitisho ukiombwa, tumia moja ya zile namba za akiba ulizozinakili daftarini. Unaweza kuiona simu ilipo kama bado imewashwa, kuifunga, au kufuta vilivyomo. Ukifuta kwa njia hii inasafishwa simu. Vilivyokwisha kupanda kwenye wingu vinabaki. Ukiiona kwenye ramani usiifuate peke yako, nenda polisi.

Kesho yake rudisha laini ileile kwa mtandao wako, ukiwa na namba yako ya NIDA na vidole vyako. Ukipata simu nyingine, ingia kwanza kwenye akaunti ya Google, ndipo usakinishe WhatsApp na kukubali kurejesha. Majina yatashuka ndani ya dakika chache. Picha hazina haja ya kupakuliwa zote kwa mpigo. Fungua Google Photos, zitakuwa zimepangwa kwa tarehe kama ulivyoziacha, na ile unayoihitaji ndiyo utakayoishusha.